Nani ataiandika Nairobi ya Richard Pryor?

Tangu Rais Donald Trump aliposaini amri zake za Januari 2025 za kufuta mipango ya utofauti na ujumuishaji serikalini, studio kubwa za Marekani nazo zimeanza kukunja jamvi. Paramount ilitangaza Februari mwaka huo kwamba inaachana na malengo ya idadi katika kuajiri. Disney ikabadilisha vigezo ilivyokuwa ikitumia kuwapima viongozi wake. Kuna wanaoshangilia, wakisema kwamba sasa filamu zitarudi kusema ukweli bila woga, hasa filamu kuhusu wachekeshaji waliokuwa na mdomo mchafu na maisha machafu. Wengine wanaomboleza, wakiamini kwamba mlango wa hadithi za watu weusi umefungwa. Makundi haya mawili yanagombana kwa hasira, lakini yamekubaliana juu ya jambo moja ambalo kwangu ni kosa: yote yanachukulia kwamba uwakilishi ni hesabu ya sura. Ukiwa na sura nyingi za aina fulani, umefaulu au umeharibu, kutegemea uko upande gani.

Filamu ambayo ingefichua kosa hilo vizuri kuliko zote bado haijatengenezwa. Ni filamu ya maisha ya Richard Pryor, mchekeshaji wa jukwaani wa Marekani. Filamu hiyo ingevuka kila kipimo cha idadi siku ya kwanza, maana mhusika wake mkuu ni Mmarekani mweusi na mwigizaji wake lazima awe hivyo. Bado ingeweza kuwafuta wanawake aliowapiga na waliomlea, wanaume aliowapenda, mwili wake ulipolemaa, na watu wa Nairobi, jiji ambalo kwa kauli yake mwenyewe lilimbadilisha. Nasema tuache kuhesabu sura. Tutazame kila onyesho na kuuliza nani ndani yake anajua jambo, nani anaruhusiwa kulisema, na nani anaweza kumjibu shujaa wa filamu.

Kwa msomaji asiyemfahamu, Pryor alizaliwa Peoria, Illinois, tarehe 1 Desemba 1940, na kulelewa na bibi yake, Marie, aliyekuwa na danguro. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wanawake waliofanya kazi mle. Alianza kama mchekeshaji msafi wa televisheni, hadi siku moja mwaka 1967, katika hoteli ya Aladdin kule Las Vegas, aliposimama jukwaani, akashindwa kuendelea na akaondoka. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alisema mambo ya mtaani kwa lugha ya mtaani, akawaigiza walevi, makahaba, wahubiri na polisi, na akaitwa gwiji na mhuni katika pumzi moja. Juni 1980 alijichoma moto akiwa kwenye ulevi wa kokeini. Mwaka 1986 madaktari walimgundua na ugonjwa wa mfumo wa neva ambao baadaye ulimkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 10 Desemba 2005. Filamu ya maisha yake imekuwa ikiahidiwa kwa miaka mingi. Marlon Wayans alitajwa kuwa ndiye atakayemwigiza, chini ya mwongozaji Bill Condon. Kisha akatajwa Mike Epps, chini ya Lee Daniels, na kampuni ya Weinstein nyuma yao, kampuni iliyoporomoka kwa kashfa ya mwenye nayo. Mwaka 2020 studio ya MGM ikatangaza kwamba mwandishi wa Kimarekani Kenya Barris angeandika na kuongoza. Amazon ikainunua MGM mwaka 2022. Filamu haijaonekana.

Sasa tuziangalie kanuni zinazolalamikiwa. Akademia inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza mwaka 2020 masharti ya ujumuishaji kwa filamu zinazowania tuzo ya filamu bora, na yakaanza kutumika kikamilifu kwenye tuzo za 2024. Watu wengi wanaamini kwamba masharti hayo yanamlazimisha kila mwongozaji kuweka mtu mweusi kwenye filamu yake. Si kweli. Kuna makundi manne ya masharti, na filamu inatakiwa kutimiza mawili tu. Moja linahusu wanaoonekana kwenye skrini. Mengine yanahusu wakuu wa idara za utengenezaji, nafasi za mafunzo na ajira kwa wanaoanza, na idara za masoko na usambazaji. Studio kubwa yenye ofisi ya kawaida ya masoko na mpango wa mafunzo inaweza kufaulu bila kubadilisha mstari mmoja wa mswada. Mwaka huohuo wa kwanza mshindi alikuwa Oppenheimer, filamu ambayo karibu wahusika wake wote wakuu ni Wazungu. Anayesema kanuni hizi zimeibana sanaa hajazisoma. Anayesema kuondoka kwa mipango ya studio kutaua uwakilishi naye anazipa kanuni hizi uzito ambao hazijawahi kuwa nao. Filamu ya Pryor ingetimiza sharti la skrini kwa kumtaja mhusika mkuu tu, na hakuna mtu ambaye angelazimika kuuliza swali la pili, la nani anajua na nani anaruhusiwa kusema.

Pryor mwenyewe alilielewa swali hilo la pili. Katika Silver Streak ya mwaka 1976, Gene Wilder anacheza Mzungu anayekimbia polisi, na Pryor anamficha chooni kwenye stesheni ya treni na kumpaka rangi ya viatu usoni ili apite kama mtu mweusi. Wilder alisimulia baadaye kwamba katika mswada wa awali Mzungu mmoja alipaswa kuingia chooni wakati huo na kudanganyika. Pryor hakufurahishwa. Akapendekeza aingie mtu mweusi, ambaye hadanganyiki hata kwa sekunde moja. Ndivyo ilivyopigwa: mzee anaingia, anamwona mpumbavu aliyejipaka rangi akijitikisa na redio sikioni, na anamwambia kwa upole kwamba lolote analolifanya, angalau afuate mdundo. Hesabu ya watu weusi iliongezeka kwa mmoja tu, lakini maana ya onyesho iligeuka yote. Katika toleo la kwanza mtu mweusi alikuwa rangi tu ya kupakwa. Katika la pili yupo mtu mweusi aliyesimama pale, anayeona kinachofanyika na kukitolea hukumu. Kipimo ninachokipendekeza nimekitoa kwa Pryor mwenyewe.

Kipimo hichohicho kikigeuzwa kuelekea kwake, kinauma. Usiku wa kuukaribisha mwaka 1978 aliligonga na kulipiga risasi gari ambalo mke wake na marafiki zake walikuwa wametoka ndani yake. Mwaka mmoja baadaye, katika onyesho lililorekodiwa Long Beach ambalo wengi, nikiwemo mimi, tunaliona kuwa kilele cha uchekeshaji wa jukwaani, aliligeuza tukio hilo kuwa mzaha. Anaiga sauti ya gari likikata roho. Anawaiga polisi wanaofika, na anasema kwamba aliingia ndani haraka kwa sababu polisi hawaui magari, wanaua watu weusi. Ni mzaha mkali sana na wa kweli sana. Anachoacha kukisimulia ni kile alichokipitia mwanamke aliyekuwa hatua chache kutoka kwenye risasi. Gari limepewa sauti, mke hakupewa. Hata mwaka 1986, Pryor alipoongoza mwenyewe, na kushiriki kuiandika, filamu iliyofanana na maisha yake, Jo Jo Dancer, Your Life Is Calling, wake wa mhusika wanapita mmoja baada ya mwingine bila kutupa nafasi ya kujua wanafikiri nini. Bibi na mama wa danguroni, waliochezwa na Carmen McRae na Diahnne Abbott, ndio wanaobaki akilini, na ninatamani wangepewa muda mrefu zaidi.

Kuna wanaosema filamu ya wasifu ni ya mtu mmoja, ina saa mbili, na haiwezi kumpa kila mtu hotuba yake. Hiyo ni hoja nzito na naiheshimu. Filamu zinazojaribu kumridhisha kila mtu hugeuka kuwa ripoti ya kamati. Lakini kumpa mtu nafasi ya kuona hakuhitaji hotuba. Filamu ya Bob Fosse ya 1974 kuhusu Lenny Bruce, mchekeshaji mwingine aliyeburutwa mahakamani kwa matusi ya jukwaani, iliachia sehemu kubwa ya simulizi mkononi mwa mkewe Honey, aliyechezwa na Valerie Perrine. Tunamsikia akikumbuka, akisita, akipinga picha tuliyokwisha kuijenga kichwani. Filamu haikumshusha Bruce kwa kufanya hivyo. Ilimfanya aeleweke. Perrine alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Cannes. Kama jambo hilo liliwezekana zaidi ya miaka 50 iliyopita bila sera yoyote ya utofauti, basi linalokosekana leo ni uamuzi wa mwandishi, na uamuzi huo hautaletwa wala kuondolewa na amri ya Trump.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa mara nyingi zaidi: kwamba Pryor hakumjali mtu, alimtukana kila mmoja, kwa hiyo kuzungumzia uwakilishi kwenye filamu yake ni kumsaliti. Anayesema hivi hajamsikiliza. Septemba 1977 alialikwa Hollywood Bowl kwenye tamasha la kuchangisha fedha kwa ajili ya haki za wapenzi wa jinsia moja. Alisimama mbele ya maelfu ya watu na kusema waziwazi kwamba yeye mwenyewe amewahi kulala na mwanamume, jambo ambalo nyota wa kiwango chake hakulisema hadharani miaka ile. Kisha, akiwa amekasirishwa na jinsi wachezaji weusi walivyotendewa nyuma ya jukwaa, akawageukia wasikilizaji, ambao wengi walikuwa Wazungu wenye uwezo, akawauliza walikuwa wapi Watts, mtaa wa watu weusi wa Los Angeles, ilipokuwa ikiungua kwa ghasia. Akawatukana na kuondoka huku wakimzomea. Huyo ni mtu aliyekuwa akishindana na suala la uwakilishi hadharani, kwa ukali na bila mpangilio, akiwa ndani ya makundi mawili yaliyokuwa hayatambuani. Mtayarishaji atakayelikata tukio hilo kwa kuogopa watazamaji weusi, au kwa kuogopa watazamaji mashoga, au kwa kuiogopa Washington, atakuwa amekata moyo wa hadithi. Katika kitabu cha maisha yake cha 1995 Pryor hakuficha pia uhusiano wake na mtu aliyezaliwa mwanamume na kuishi kama mwanamke. Mwaka 2018 Quincy Jones alipotaja kwamba Pryor na Marlon Brando waliwahi kuwa wapenzi, mjane wa Pryor alikubali na binti yake mmoja akakataa. Ugomvi huo wa familia siwezi kuuamua, na filamu haina haja ya kuuamua. Alichokisema mwenyewe kwa mdomo wake kinatosha.

Ndipo tunafika Nairobi.

Mwaka 1979 Pryor alisafiri hadi Kenya pamoja na Jennifer Lee, ambaye baadaye alimwoa. Bibi yake Marie alikuwa amefariki miezi michache kabla. Katika filamu ya jukwaani ya 1982 alisimulia kwamba alikaa kwenye ukumbi wa hoteli, na sauti ndani yake ikamuuliza anaona nini. Akajibu kwamba anaona watu wa kila rangi wakifanya kila kazi. Sauti ikamuuliza kama anamwona hata mmoja anayestahili lile tusi la Kimarekani la kuwadhalilisha watu weusi, ambalo yeye alikuwa amelitumia maelfu ya mara, na hata kuliweka kwenye majina ya albamu zake za 1974 na 1976. Akajibu hapana. Sauti ikamwambia kwamba ni kwa sababu hawapo. Akaapa kutolitumia tena. Ukumbi wa Los Angeles, uliokuja kucheka, ulinyamaza kumsikiliza.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja akapona yeye, na wenyeji hawakuulizwa kitu. Niliwahi kuitazama sehemu hiyo na jamaa zangu, na binti wa shangazi yangu aliuliza swali ambalo halijaniondoka: hao watu aliowaona mle ukumbini walikuwa nani, na wao walikuwa wanazungumza nini? Naona hilo ndilo swali zito kuliko yote kuhusu filamu hii, na sitarajii kulisikia likiulizwa Los Angeles. Onyesho la Nairobi karibu litajiandika lenyewe kama halitazuiwa. Jua litachomoza, twiga watapita, kwaya itaimba, wahudumu watatabasamu, na nyota wa Marekani atatokwa na machozi. Waigizaji wote watakuwa weusi. Kila fomu itajazwa tiki. Na Wakenya watakuwa wametumiwa kama vile rangi ya viatu ilivyotumiwa katika ule mswada wa kwanza.

Nairobi ya 1979 ilikuwa na mambo yake. Jomo Kenyatta alikuwa amefariki Agosti 1978 na Daniel arap Moi alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ametoka kizuizini Desemba 1978, baada ya kufungwa takriban mwaka mzima bila kushtakiwa, kufuatia tamthilia ya Kikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mirii na iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru. Chuo kikuu hakikumrudishia kazi yake. Hebu tafakari: mchekeshaji aliyewahi kukamatwa kwa maneno yake anakaa hotelini akivuta hewa ya uhuru, na mwendo mfupi kutoka pale yuko mwandishi aliyetoka jela miezi michache tu iliyopita kwa ajili ya maneno ya jukwaani. Na hoteli zenyewe, zile kubwa za Nairobi, hadi miaka ya 1950 Mwafrika hakuingia kama mgeni. Aliingia kwa mlango wa nyuma kufanya kazi. Ukumbi ambao Pryor aliuona umejaa watu wanaofanya kila kitu ulikuwa umepiganiwa, na baadhi ya waliokuwa wakihudumia vinywaji siku ile waliikumbuka zamani hiyo vizuri. Kenya pia ilikuwa na wachekeshaji wake. Kipanga Athumani na Mzee Pembe walikuwa wameshawavunja watu mbavu kwa Kiswahili miaka mingi kabla, bila kulihitaji tusi lile. Sisemi filamu iwe somo la historia ya Kenya. Mhudumu mmoja mwenye jina, mwenye maoni juu ya huyu Mmarekani anayelia, anayesema naye sentensi mbili ambazo hazikuandikwa kumfariji, angetosha kabisa.

Hapo linakuja suala la nani aigize. Amazon, ambayo sasa ndiyo mwenye MGM, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inalenga kumpa mhusika mwigizaji anayelingana naye kwa asili, uraia, jinsia na ulemavu. Sera hiyo ilipingwa sana, na baadhi ya upinzani una ukweli. Forest Whitaker ni Mmarekani kutoka Texas, lakini alipomwigiza Idi Amin alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili, akakaa na watu waliomfahamu Amin, na Oscar aliyoipata mwaka 2007 ilikuwa halali yake. Naomie Harris, Mwingereza, alipewa nafasi ya mwalimu Mkenya katika filamu kuhusu Kimani Maruge, mzee aliyeanza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, na Maruge mwenyewe akachezwa na Mkenya, Oliver Litondo. Kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu mwingine, na siwezi kukubali kwamba damu ndiyo cheti. Lakini turudi kwenye filamu ya Amin. Waganda kama Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha Ndere, walimo na wanacheza vizuri sana, ila macho tunayopewa ya kuitazamia Uganda ni ya daktari wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwepo. Asili ya waigizaji haikuweza kulirekebisha hilo, kwa sababu lilikuwa limeamuliwa mezani, kwenye mswada. Kwa hiyo mapambano ya kudai mwigizaji Mkenya huanza kuchelewa. Panapofaa kupiganiwa ni chumba cha waandishi, miezi mingi kabla kamera haijawashwa.

Nilitaja mwili uliolemaa, na sitaki upite kimya. Pryor aliendelea kufanya kazi akiwa mgonjwa. Alipanda jukwaani akiwa amekaa, na mwaka 1997 alionekana kwenye filamu ya David Lynch akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akicheza mwenye gereji anayetoa amri kwa wafanyakazi wake. Filamu nyingi za wasifu hukomea kwenye ushindi au kwenye mazishi. Miaka karibu 20 ya ugonjwa hugeuzwa maandishi mafupi kwenye skrini nyeusi. Kumwacha Pryor mlemavu nje ya hadithi ni uamuzi wa uwakilishi, hata kama hautahesabiwa na yeyote.

Madai haya yanaturudia pia sisi wa Afrika Mashariki. Bodi ya Kenya ya kuainisha filamu ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu mwaka 2018 kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikafurika. Filamu ya kweli ya Richard Pryor, yenye mhudumu Mkenya anayezungumza kama binadamu na yenye mwanamume anayekiri Hollywood Bowl kwamba amelala na mwanamume, itaifikia bodi hiyohiyo. Hatuwezi kuidai Hollywood itupe Nairobi kamili huku sisi tukipokea Pryor aliyekatwakatwa. Studio ikija kuomba vibali vya kupiga picha Nairobi, ofisi za filamu za Kenya zitakuwa na haki, na nafasi, ya kuuliza kama kuna Mkenya aliyelipwa kuandika kurasa zile. Na waandishi wetu wawe na kurasa zao tayari, wakianza na mhudumu aliyekuwa zamu siku ile na kile alichokiona alipomtazama mgeni wake.